Neno la Mtu wa Baridi

Baridi ilimpiga Fausta usoni kabla hajamaliza kufungua mlango, akiwa na beseni la maji ya vuguvugu mikononi. Chumba kile hakikutakiwa kuwa na baridi hata siku moja. Nje, sawa. Nje ni Njombe na mwezi ni Juni, umande umeganda mweupe juu ya majani ya viazi na watu wanapita wamejikunyata ndani ya makoti. Lakini chumba cha joto kilijengwa makusudi ili Juni isiingie. Aliangalia ukutani: hita zote mbili zilikuwa zimezima. Akaangalia kitandani.

Chatu alikuwa amemviringisha mumewe kuanzia vifundo vya miguu hadi kifuani.

Beseni lilianguka. Fausta alisimama mdomo wazi, maji yakimlowesha miguu, akiyatazama yale mabaka ya kahawia yakipanda na kushuka juu ya shuka aliyoinyoosha kwa mikono yake jana. Uso wa Otmar ulikuwa wa kijivu. Kichwa cha nyoka kilikuwa kimeegemea chini ya kidevu chake, kimetulia kama cha mtoto aliyeshiba.

"Amemla," alisema Fausta peke yake. "Mke mwenza amemla mume wangu."

Ndivyo alivyokuwa akimwita yule chatu jike tangu aletwe, na hakuwa akitania sana. Ana chumba chenye joto, analetewa sungura mzima, anashinda na mume wa mtu kutwa kucha, na mwenye nyumba analala upande wa pili na mablanketi matatu. Sasa huyo kama si mke mwenza ni nani? Lakini utani ulikuwa umekwisha. Fausta alikimbilia jikoni, akavuta panga nyuma ya mlango, akarudi amelishika kwa mikono miwili na kulinyanyua juu ya ule mviringo mnene uliokuwa tumboni pa mumewe.

"Usi..."

Panga likabaki hewani. Fausta alikuwa ameishi na mtu wa baridi kwa miaka miwili, na alijua kwamba kati ya neno lake moja na jingine unaweza kumimina chai na kukoroga sukari. Akasubiri, machozi yakimchuruzika, mabega yakimuuma.

"...mkate," akamalizia Otmar. "Ananipa... joto."

Hapo ndipo alipoona kwamba nyoka alikuwa anatetemeka. Hakuwa akitetemeka kwa woga. Mwili wote, kutoka mkiani mpaka shingoni, ulikuwa ukipigapiga kwa mpangilio, bila kupumzika, kama cherehani inayoshona nguo ndefu. Fausta hakuwahi kumgusa yule mnyama bila glavu. Safari hii aliweka kiganja kitupu juu ya magamba, na magamba yalikuwa ya moto.

Alirudi nyuma akaketi sakafuni, kwenye maji yale yale. Nyoka hana moto wake mwenyewe, hilo alifundishwa siku ya kwanza. Huazima joto la mahali alipo, ndiyo maana lazima umtengenezee mahali. Na mahali hapa palikuwa pa kuganda. Huyu alikuwa ameutoa wapi moto huu?

*

Kwanza alipiga simu. Daktari Tulinagwe alipokea haraka, na alipoelezwa akasema maneno mafupi kama mtu anayeendesha gari huku anazungumza, na kweli alikuwa tayari anatafuta funguo.

"Usimguse nyoka, mama. Usimtoe. Usiwashe jiko la mkaa humo ndani, litawaua wote. Pandisha joto pole pole, kama tulivyofundishana. Hita zinasemaje?"

Fausta alifungua ukurasa wa chumba kwenye simu yake. Akasoma, akasoma tena. Kila kitu kilikuwa cha kijani. Joto la chumba: nyuzi thelathini na mbili. Unyevu mzuri. Mashine ilikuwa inamwambia kwamba chumba kina joto tele, huku pumzi yake mwenyewe ikitoka mdomoni kama moshi.

"Inadanganya," alisema. "Daktari, mashine inadanganya."

Basi akafanya ya kienyeji. Alichemsha maji kwenye kila sufuria iliyokuwepo, akajaza madumu, akayafunga kwa vitenge, akayapanga upande wa joto, kisha akakaa na kipimajoto cha zebaki mkononi akiangalia kinavyojivuta kupanda. Alikuwa mlezi mzuri, wala si kwa kujisifu. Wenzake wa Makambako na Ludewa waliokuwa na watu wa baridi majumbani walikuwa wakimpigia simu kuuliza. Yeye ndiye aliyewaambia waache kutandika maranda ya mti wa msindano, maana alijaribu mwezi wa kwanza, kwa kuwa mashine za mbao zimejaa mjini na maranda ni ya bure, na harufu yake ilimkohoza chatu wiki nzima. Aliwafundisha kwamba macho yakiwa na ukungu wa buluu ngozi inataka kutoka, usimlishe wala usimbandue. Mwekee beseni la maji ajiloweke. Kwamba akishakula asiguswe. Kwamba lazima pawe na upande wa moto na upande wa baridi na pango katikati, achague mwenyewe.

Na anakochagua nyoka ndiko anakokwenda mgonjwa. Huo ndio uliokuwa ubaridi. Mtu ambaye moyo wake umekwisha na mwingine bado unakuzwa hospitalini, hutiwa mwilini kitulizo kinachotolewa kwenye damu ya chatu aliyeandaliwa kwa ajili yake tu. Mwili wake hupungua mwendo. Anakula mara moja kwa wiki mbili, moyo mbovu unapiga taratibu bila kuchoka, na joto lake hutoka nje ya mwili, kama la nyoka. Kasoro ni kwamba mtu hakuzaliwa hivyo. Hajui lini ameganda na lini anaungua. Nyoka anajua. Kwa hiyo huwekwa chumba kimoja, na mgonjwa hufundishwa kumfuata: nyoka akisogea kwenye hita, naye asogee, akirudi kivulini, naye arudi.

Otmar Ngailo, mpasua mbao, mtu aliyewahi kupanda juu ya meza ya baa kwa sababu ya nyoka mdogo asiye na sumu na kukataa kushuka hadi aonyeshwe kichwa kilichopondwa, alikuwa amemfuata chatu kwa miaka miwili bila ubishi.

*

"Kamwene, mama," alisema Daktari Tulinagwe mlangoni, na hakungoja kuitikiwa. Alikuwa binti wa Tukuyu, umri wa kuwa mwanawe Fausta, mwenye mabuti ya mvua na begi kubwa kuliko yeye. Kufikia hapo chumba kilikuwa kimeshapata joto la kuvumilika, na chatu alikuwa amejifungua kutoka kwa Otmar na kujiburuta hadi kwenye madumu. Daktari alimpima Otmar kila mahali, akatikisa kichwa kwa mshangao. Mzima. Vidole vyote vizima.

"Mbegu ya chatu hawa imechanganywa na ya chatu wa Asia," alisema akiwa amepiga magoti. "Jike akiatamia mayai hujitetemesha mpaka anapata joto, anayapa mayai. Nimesoma. Lakini kwa mtu! Mama, hili sijawahi hata kulisikia."

Kisha akainuka kutafuta kilichoharibika. Alipapasa hita, alifuata waya na ukuta, na akasimama ghafla kwenye kona iliyotazamana na dirisha la kioo la sebuleni.

"Mama. Hiki ni nini?"

Fausta aliangalia.

Kilikuwa kitambaa chake. Cheupe, cha sufu nzito, kingo amezifuma maua ya waridi. Jana jumuiya ya kanisa ilisali nyumbani kwake, zamu yake ilikuwa imefika, na tangu asubuhi alikuwa akifua na kupiga pasi vitambaa: vya makochi, vya meza, cha runinga, cha friji, cha redio isiyowaka. Nyumba ambayo vitu vyake viko uchi ni nyumba ya mwanamke mvivu, ndivyo alivyolelewa, na akina mama wa jumuiya wangetazama kupitia kioo ili kumsalimia mgonjwa. Wangekiona kile kidude cheupe ukutani chenye waya zinazoning'inia. Aliingia, akakifunika, akakiweka sawa ili maua yakae katikati, akatoka. Akina mama walikisifu. Walipoondoka alikunja vyote isipokuwa hicho.

"Hili ndilo jicho la joto," alisema daktari taratibu. Hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Fausta zaidi. "Linapima hewa ya chumba. Nalo lina moto wake kidogo, kama simu inavyopata moto ukiongea sana. Ukilifunika kwa sufu linajipima lenyewe. Limeona chumba kina joto, limezima hita."

"Mimi," alisema Fausta. "Ni mimi."

"Mama..."

"Nimemuua mume wangu kwa kitambaa."

"Hajafa, mama. Angalia. Hajafa." Daktari alimshika bega, kisha akageukia madumu. "Huyu ndiye anayenitia wasiwasi."

Chatu alikuwa ameinua shingo juu, mdomo umeachama kidogo. Mapovu madogo yalikuwa yakitoka puani, na kila alipovuta pumzi ulisikika mlio wa kukwaruza kwa mbali. Mbavu zilionekana. Jana alikuwa mnene wa kutosha, leo ngozi ililegea ubavuni kama soksi kubwa. Alikuwa amejila mwenyewe ili kuwasha moto, na baridi ikamwingia mapafuni.

Daktari Tulinagwe alimsikiliza kwa muda mrefu. Alipomaliza alivua glavu, akamwomba Fausta waketi.

"Nitasema wazi, mama, kwa sababu hatuna nafasi ya kuzunguka. Moyo wa mumeo, Baba Beno, utakuwa tayari baada ya wiki tatu. Mpaka hapo anahitaji kitulizo. Huyu chatu ana nimonia. Kumtibu kunawezekana: sindano, joto, kuachwa kabisa bila kutolewa damu mpaka apone. Hiyo ni miezi. Kitulizo kikikosekana, Baba Beno ataanza kupata moto mwenyewe, na moyo alio nao hautaweza kumbeba."

"Leteni chatu mwingine."

"Mwili wake umezoea huyu. Wa mwingine utamkataa, atakufa siku hiyo hiyo."

Fausta alisubiri. Alijua bado kuna neno, kwa jinsi daktari alivyokuwa akikunja glavu.

"Tunaweza kukamua damu yote leo, kabla ugonjwa haujaiharibu. Nitaigandisha, nitampa kidogo kidogo. Itamfikisha kwenye siku ya moyo."

"Yote?"

"Yote, mama."

"Na yeye?"

Aliyejibu alikuwa Otmar, kutoka kitandani, na kwa mtu wa baridi alijibu haraka mno.

"Hapana."

Wanawake wote wawili waligeuka kwa mshtuko. Otmar alikuwa amefumbua macho, anawatazama. "Hapana," akarudia.

Daktari alimvuta Fausta hadi sebuleni, akafunga mlango wa kioo. "Neno lake halihesabiwi, mama, unajua. Neno ni la mlezi. Na sheria hiyo haikuwekwa kwa kuonea watu. Ubaridi unaondoa woga. Mtu asiye na woga hawezi kujitetea, atakubali kufa kama anavyokubali uji. Siwezi kukuambia kama anayesema hapo ni Baba Beno au ni baridi." Alishika begi lake. "Naenda kuandaa vifaa kwenye gari. Nikirudi nitahitaji neno lako."

*

Fausta alivuta kigoda akakaa karibu na kitanda. Maneno ya Otmar yanaandikwa hapa yakiwa yameunganishwa. Fausta aliyapokea moja moja, na kila moja lilikuja na muda wake wa kuogopa.

"Yeye ana pango," alisema Otmar. "Pango lina majani makavu, lina joto. Angejikunja humo, angepona. Nilimwona anatoka. Nikadhani anaenda kunywa maji."

"Ni mnyama, Baba Beno. Daktari amesema alikudhania mayai."

"Labda. Lakini nilikuwa nakufa, na aliyekuja ni yeye."

Fausta aliinama. Kile kitambaa kilikuwa bado mkononi mwake, amekikunja na kukikunjua hata maua yamepoteza umbo. Ukutani palikuwa na kioo cha sebuleni tu, hapakuwa na pa kukimbilia.

"Mimi ndiye niliyezima hita," alisema. "Nilifunika jicho la joto. Kwa ajili ya wageni. Nikasahau."

Akasubiri. Otmar wa zamani angekwisha kupaza sauti mpaka majirani watoke. Angevunja kikombe, angemtaja mama yake Fausta na ukoo wake wote, halafu baadaye angeleta nyama ya nguruwe iliyofungwa kwenye gazeti na kujifanya hakuna kilichotokea. Ndivyo walivyoishi miaka yote, na alimpenda hivyo hivyo. Huyu alikaa kimya, macho kwake, mpaka Fausta akaanza kuhesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe.

"Kilikuwa kizuri?" akauliza Otmar.

"Nini?"

"Kitambaa."

Fausta alikinyanyua kumwonyesha.

"Akina mama walikisifu?"

"Walikisifu."

"Basi," alisema Otmar.

Fausta alilia. Alilia kwa sauti, kifua kikimrukaruka, kwa sababu alikuwa amejiandaa kwa tusi na hakuwa amejiandaa kwa hilo. Katika miaka hii miwili mtu huyu alikuwa amemuuliza mambo ambayo hakuwahi kuulizwa na mtu: kwa nini aliacha shule, anapenda mvua ya aina gani, mikono inamuuma wapi akifuma. Alikuwa akingoja majibu, maana hakuwa na haraka yoyote. Mara nyingine Fausta alishikwa na aibu, kwa jinsi alivyokuwa akiharakisha kazi za shambani ili arudi akae na mumewe mwenyewe.

"Sikiliza, Mama Beno," alisema Otmar. "Wanaorudi kwenye joto hawakumbuki ubaridi. Umeniambia mwenyewe, yule mzee wa Makambako aliamka akauliza mahindi aliyopanda kabla hajalazwa. Yule atakayeamka hatanikumbuka. Hatamkumbuka huyu. Atakuwa na sababu zake za kuishi, na ni sababu nzuri. Mimi nina neno moja tu. Usimuue."

"Nikikusikiliza utakufa!"

"Mimi nakufa vyovyote vile," alisema Otmar.

Fausta alihisi kama amemwagiwa maji. Alimtazama yule mtu wa kijivu, ambaye hakuwa na hasira wala huruma ya kujihurumia, amelala mkono mmoja ukining'inia kuelekea upande wa joto, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwamba alikuwa na waume wawili na kwamba mmoja kati yao hakuwa na njia ya kutoka kwenye chumba hicho. Akamfikiria yule mwingine, mwenye kelele, aliyemwoa. Yule hakuwepo wa kuulizwa. Yule aliingia ubaridini akiwa amemshika mkono na kusema, nirudishe, Fausta, usiniache humo na lidudu hilo. Na yeye aliahidi.

Angemsikiliza nani? Aliyepo au aliyeahidiwa? Na kama ni baridi tu inayosema, je, baridi ndiyo iliyouliza kama kitambaa kilikuwa kizuri?

Mlango wa nje uligonga. Mabuti ya daktari yalikanyaga ukumbini.

"Mama?" alisema Daktari Tulinagwe kutoka kwenye mlango wa kioo. Alikuwa ameshika trei iliyofunikwa. "Tufanye nini?"

Fausta alijaribu kumtazama Otmar, akashindwa. Alitazama sakafu.

"Kamua," alisema.

Alimshika chatu yeye mwenyewe. Aliona kwamba angalau hilo alidaiwa. Alipiga magoti kwenye matandiko, akakishika kichwa cha chatu kwa kiganja kisicho na glavu, na mkono wa pili akauweka kwenye shingo, alivyofundishwa, bila kubana. Yule mnyama hakupambana. Aliweka uzito wake mapajani pa Fausta, na kwa muda fulani, sindano ikiwa tayari chini ya mkia na damu ikijaza chupa ya kwanza, misuli ilianza tena ule mtetemo. Taratibu, kwa nguvu zilizobaki. Fausta alihisi joto likimpenya mapajani. Akapiga yowe, daktari akadhani ameumwa.

"Endelea," alisema huku meno yakigongana. "Endelea, usisimame, endelea."

Otmar alitazama mpaka mwisho. Watu wa baridi hawalii, husema hivyo wanaowalea. Wanalia, ila chozi huchelewa. La Otmar lilitoka wakati chatu ameshatiwa kwenye gunia na gunia limeshapakiwa kwenye gari, na lilichukua muda mrefu kufika shavuni. Tangu siku hiyo hadi alipochukuliwa kwenda kuwekewa moyo hakusema neno. Fausta aliingia kila siku, akaketi kwenye kigoda, akasubiri hadi chai ikaganda utando, na hakuna lililokuja.

*

Mwezi wa nane Otmar alirudi nyumbani akiimba. Alisikika tangu barabarani. Aliteremka kwenye gari akakataa kushikwa, akamnyanyua Fausta kutoka chini mbele ya majirani, akamtania kwamba amezeeka ghafla, jana tu alimwacha msichana. Alikuwa anang'aa kwa afya. Alihisi baridi na kulalamika, akahisi joto na kuvua koti, na kila mara alicheka kwa mshangao kwamba anahisi. Fausta alicheka naye. Alifurahi, na furaha ilikuwa ya kweli. Kila alipoweka sikio kwenye kifua kile usiku alisikia moyo ukigonga kama mtu anayedai kufunguliwa, na alimshukuru Mungu.

Alipanga kutomwambia. Ni majirani waliomwambia, wakati wa kumkaribisha, na Fausta alipokuwa akipakua ugali Otmar aliingia jikoni macho yamemtoka.

"Mama Beno! Eti mlinilaza na chatu? Chatu mzima? Chumba kimoja?"

"Ndiyo."

Otmar alitazama sakafu, na bila kujua akasogea kutoka kwenye kona yenye giza. "Yuko wapi?"

"Amekufa."

"Nani kamuua?"

"Mimi."

Kwanza alikodoa macho, halafu akapiga kofi juu ya meza mpaka vifuniko vikaruka. "Huyo ndiye mke wangu! Jamani, sikieni, mke wangu ameua chatu! Ningeamka nikalikuta ningekufa mara ya pili." Akamkumbatia kwa nyuma, akambusu kisogoni. "Ningekuwa na akili zangu ningekuambia ulichinje siku ya kwanza."

"Ulinikataza," alisema Fausta.

"Nani?"

"Wewe. Uliniomba nisimuue."

"Mimi?" Otmar alicheka hadi akakohoa. "Mimi nimtetee nyoka? Hiyo ilikuwa baridi, mama. Baridi ndiyo ilikuwa inasema. Ulifanya vizuri sana kutomsikiliza mtu huyo."

Fausta aligeuka akamtazama usoni. Alitafuta mahali popote pa kusitasita, hata kidogo, hata pumzi moja iliyochelewa. Hapakuwepo. Otmar alikuwa amejibu kabla yeye hajamaliza kuuma midomo, na alikuwa ameshageuka, ameshatoka, anawasimulia wageni sebuleni jinsi mkewe alivyopambana na chatu, na tayari, katika masimulizi yake, chatu alikuwa ameanza kurefuka.

Fausta alibaki amesimama na mwiko mkononi, ameduwaa. Kwa wiki zote hizo alikuwa ameogopa kwamba mumewe akijua atamlaumu. Hakuwahi kufikiria kwamba atampongeza. Yule wa kitandani, aliyengoja majibu, alikuwa amekwenda na gunia, na katika dunia nzima hapakuwa na mtu ambaye Fausta angeweza kumwendea akamwambia nimefiwa, kwa sababu marehemu alikuwa sebuleni, anakula, ameshiba afya, na watu wamemzunguka wanacheka.

"Mama Beno!" aliita Otmar. "Mboga haina chumvi!"

Fausta alijipangusa uso kwa upindo wa kitenge, akachukua kopo la chumvi, akampelekea.